Maswali ya Wasomaji: Ridhaa ya Wazazi Unapomsafirisha Mjukuu Ng'ambo

Swali: Mimi ni nyanya mwenye umri wa miaka 64, mzaliwa wa Mombasa, na nimeishi London kwa zaidi ya miaka 30. Mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, nimekusudia kumpeleka mjukuu wangu wa miaka 9 nyumbani Mombasa kwa wiki tatu, ili awajue jamaa zake na asikie Kiswahili kikizungumzwa hadi dukani na barabarani. Mtoto amezaliwa London na anaishi na mamake, ambaye ni binti yangu. Wazazi wake walikuwa wameoana kabla hajazaliwa, wakaachana miaka minne iliyopita. Babake anaishi Manchester na humchukua mtoto wikendi mbili kila mwezi. Binti yangu amekubali, lakini hataki baba aulizwe, kwani anahofia atakataa ili amkomoe. Rafiki yangu mmoja ananiambia kwamba barua ya mama inatosha. Mwingine anasema nyanya wa damu hahitaji barua ya mtu. Nifuate neno la nani? – Nyanya wa London

Jibu: Shikamoo Mama. Umeuliza mapema, na hilo linatupa matumaini kwamba safari itafanyika. Hata hivyo ushauri wa rafiki zako wote wawili una hatari ndani yake, na wa yule wa pili ndio wenye hatari kubwa zaidi.

Katika sheria ya England na Wales, mwenye kauli juu ya mtoto kutoka nchini ni yule aliye na wajibu wa mzazi kisheria, na damu peke yake haimpi nyanya wala babu wajibu huo, hata kama ndiye aliyemlea mtoto, akampeleka shule na kumuuguza usiku. Mama huwa nao tangu mtoto anapozaliwa. Baba huwa nao ikiwa alikuwa amemwoa mama, au ikiwa jina lake limo katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyesajiliwa tangu tarehe 1 Desemba 2003, na talaka haimwondolei. Baba wa mjukuu wako alikuwa mume wa binti yako. Kwa hiyo neno lake lina uzito ule ule wa neno la mama, ingawa mtoto hulala kwake siku chache tu za mwezi. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unataka ipatikane ridhaa ya kila mwenye wajibu huo kabla mtoto hajavushwa mpaka, au ruhusa ya mahakama ikiwa ridhaa imekosekana. Kumtoa nchini mtoto aliye chini ya miaka 16 pasipo ridhaa kunaweza kuwa kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1984 inayohusu utoroshaji wa watoto, ambayo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 7. Siyaandiki haya ili kukutia hofu, bali kwa sababu, kwa hali ya familia yako, barua yenye saini moja ni nusu ya barua.

Lipo jambo moja ambalo huenda ndilo lililompotosha rafiki yako wa kwanza. Ikiwa mahakama imetoa amri inayosema kwamba mtoto anaishi na mamake, mama huyo anaruhusiwa kumtoa nchini hadi siku 28 bila ya kuomba ridhaa ya baba, maadamu hakuna amri nyingine inayomzuia. Wiki zako tatu ni siku 21, na mtu anaweza kudhani kwamba hesabu imekubali. Lakini nafasi hiyo amepewa aliyetajwa katika amri, naye ni binti yako. Haihamii kwako kwa sababu tu amekukabidhi mtoto na sanduku lake. Isitoshe, hukutuambia kama amri ya namna hiyo ipo, na wazazi wengi hugawana siku za mtoto kwa maelewano ya mdomo, bila ya kufika mahakamani kabisa.

Sasa naomba nizungumze juu ya huyo baba. Binti yako anahofia kwamba atakataa kwa chuki, na yeye anamjua kuliko sisi. Lakini ipo hofu nyingine, isiyo ya chuki, ambayo wakili yeyote wa Uingereza angemweleza. Uingereza ni mwanachama wa Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980, unaozitaka nchi zilizomo kumrudisha haraka mtoto aliyechukuliwa au kuzuiliwa kinyume cha haki za mzazi mwingine. Kenya si mwanachama, na Tanzania pia si mwanachama. Mtoto akizuiliwa Mombasa baada ya likizo, baba hawezi kuitumia njia hiyo. Itambidi afungue shauri katika mahakama za Kenya, kwa gharama zake, akiwa mbali, bila ya kujua litakwisha lini. Majaji wa Uingereza nao hulitazama sana jambo hili wanapoombwa kumruhusu mtoto aende nchi iliyo nje ya mkataba, hata kama ni kwa likizo tu. Kwa hiyo baba akisita, si lazima iwe ni kumkomoa mtu.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, anayefaa kumwomba si binti yako. Ni wewe. Mkwe aliyeachana na binti yako bado ni baba wa mjukuu wako, na huenda neno la mzee likapokewa pale ambapo ujumbe wa simu kutoka kwa mtalaka wake ungezua ugomvi. Mpigie, kisha umwandikie, ukimweleza tarehe ya kuondoka na ya kurudi, nyumba mtakayofikia, majina ya watu wazima watakaokuwamo, na siku ambazo mtoto atazungumza naye kwa simu ya picha. Mwonyeshe tiketi ya kurudi. Ikiwa likizo yenu itamnyang'anya wikendi zake mbili, mwambie tangu mwanzo atafidiwa wikendi zipi, maana mara nyingi ugomvi wa safari kama hizi hutokana na siku za mzazi mwingine kuliwa bila ya yeye kuulizwa. Fanya hivyo sasa, kabla hujalipia tiketi isiyorudishiwa fedha.

Akikubali, barua isiandikwe kwa mistari miwili. Itamke majina kamili ya mtoto kama yalivyo katika pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti. Majina yako na namba ya pasipoti yako. Nchi mnayokwenda na anwani ya nyumba. Tarehe za kwenda na kurudi, na hapo nashauri ziongezwe siku tatu au nne za tahadhari, kwa kuwa ndege ikiahirishwa hutaki kukutwa na barua iliyokwisha muda wake. Wazazi wote wawili watie saini na tarehe, kila mmoja aandike anwani na simu yake, na nakala za kurasa za picha za pasipoti zao ziambatishwe ili saini ziweze kulinganishwa. Sheria ya Uingereza hailazimishi barua hiyo ishuhudiwe na mwanasheria, lakini kwa familia ambayo wazazi wameachana ningelipia muhuri huo bila ya kusita. Wazazi waongeze aya inayokuruhusu kukubali matibabu kwa niaba yao, ikitaja mzio na dawa za mtoto kama zipo. Homa ya mtoto huko Mombasa haitangoja mama aamke London.

Kuhusu simu nina la kusema kutokana na yaliyotufika. Mamangu mzazi aliwahi kusimamishwa karibu saa nzima mbele ya kaunta ya shirika la ndege akiwa na mtoto wa dada yangu. Barua alikuwa nayo, nzuri na yenye muhuri, lakini mhudumu alipopiga namba iliyoandikwa haikupokewa, kwa kuwa dada yangu alikuwa kazini zamu ya usiku na simu yake ilikuwa imefungiwa kabatini. Mtoto alianza kulia, foleni ikaanza kunung'unika. Wazazi wote wawili wajue saa ya kuondoka na saa ya kutua, na simu zao ziwe mkononi saa hizo.

Hapa pana suala la majina ambalo Waswahili hatulifikirii mpaka tufike dirishani. Maofisa wengi wa ng'ambo wamezoea ukoo wenye jina moja: babu, baba na mtoto wote huishia na jina lile lile. Kwetu mtoto huchukua jina la baba yake na la babu yake mzaa baba, mke mara nyingi hubaki na majina ya babake, na hivyo wewe na mjukuu wako hamna hata jina moja linalofanana. Barua pekee haiwezi kuziba pengo hilo. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kinachoonyesha jina la mamake, na cheti cha kuzaliwa cha binti yako, kinachoonyesha jina lako. Vyeti hivyo viwili vikiwekwa pamoja vinasimulia uhusiano wenu bila ya wewe kufungua kinywa. Ikiwa binti yako alibadili jina alipoolewa, ongeza cheti cha ndoa.

Na katika barua msiandike "nyanya" au "bibi" mkaishia hapo. Lugha yetu ni karimu mno katika udugu: dada wa bibi naye ni bibi, na mjukuu wa ndugu yako ni mjukuu wako. Nchini Kenya, tena, wapo wengi ambao wakisikia "bibi yake" huelewa "mke wake". Andikeni kwa Kiingereza na kwa urefu kwamba wewe ni mama mzazi wa mama wa mtoto.

Kwa upande wa kuingia Kenya, kumbuka kwamba tangu Januari 2024 nafasi ya viza imechukuliwa na kibali cha mtandaoni kiitwacho eTA, na mtoto anayesafiri kwa pasipoti ya Uingereza anahitaji cha kwake. Ikiwa binti yako alikuwa raia wa Kenya siku mtoto alipozaliwa, Katiba ya Kenya inamhesabu mtoto kuwa raia wa kuzaliwa, hata kama amezaliwa London. Lakini pasipoti ya Kenya ina taratibu zake, na singekushauri uzianze miezi michache kabla ya Agosti.

Baba akikataa kabisa, usiondoke kwa siri. Binti yako anaweza kujaribu usuluhishi, kisha kuiomba mahakama ya familia iamue suala hilo moja chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989. Mahakama itaangalia maslahi ya mtoto, na mwombaji aliyekwisha kuandaa tiketi ya kurudi, anwani na ratiba ya simu huwa na maelezo mazuri zaidi ya kutoa. Iwapo wewe mwenyewe ndiye mlezi maalumu kwa amri ya mahakama, mambo ni tofauti: mlezi wa namna hiyo anaweza kumtoa mtoto nchini hadi miezi 3 bila ya ridhaa ya wazazi.

Swali: Naishi Nairobi. Mjukuu wangu wa miaka 7 amealikwa Ujerumani na mamake mdogo, nami nitafuatana naye. Mamake hajaolewa, na katika cheti cha kuzaliwa nafasi ya baba ni tupu. Tutaambiwa tulete saini ya baba? – Mama wa Nairobi

Jibu: Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya zilizoungana nayo, la mtoto aliye chini ya miaka 18 hutiwa saini na mwenye mamlaka ya mzazi, na mtoto asiposafiri na mzazi, ubalozi hudai ridhaa ya maandishi. Kwenu mwenye kuitoa ni mama. Aambatishe cheti hicho cha kuzaliwa kama kilivyo, pamoja na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, akieleza kwamba ndiye pekee anayebeba wajibu wa mzazi na kwamba anakuruhusu usafiri na mtoto kwa tarehe zilizotajwa.

Ila mama na aape lililo kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, imewapa baba na mama wajibu ulio sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Ikiwa baba anajulikana, anamtunza mtoto au yumo katika amri ya mahakama ya matunzo, nafasi iliyo tupu kwenye cheti haimfuti, na kiapo kinachosema kwamba hayupo kitakuwa kiapo cha uongo. Katika hali hiyo saini yake itafutwe. Ada ya viza kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12 ni yuro 45 tangu Juni 2024, na alama za vidole hazichukuliwi kwa mtoto wa umri huo.

Swali: Mwanangu alifariki mwaka 2021, akaacha watoto wawili ambao sasa wana miaka 8 na 11. Ninaishi nao Tanga. Mama yao anafanya kazi Muscat na hutuma fedha kila mwezi. Desemba nataka kuwapeleka Durban kwa baba yao mdogo. Kikao cha ukoo kilinikabidhi watoto hawa, na muhtasari wake ninao, wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Je, unatosha? Kama hautoshi, mkwe wangu anaweza kunitumia picha ya barua kwa WhatsApp? – Babu wa Tanga

Jibu: Shikamoo Mzee, na pole kwa kumzika mwanao.

Muhtasari wa ukoo ni karatasi ya heshima na utunze vizuri, lakini kwa safari hii hautoshi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu wajibu wa mzazi uhamie kwa ndugu, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa jadi, pale ambapo wazazi wamefariki. Hapa amefariki mzazi mmoja. Mama yu hai, anajulikana alipo na anawatunza wanawe. Umbali wa Muscat haumwondolei haki yake, na ukoo wa baba hauwezi kuigawa haki hiyo kikaoni. Nakueleza hili kwa uwazi kwa sababu wazee wengi wenye nia njema huamini kwamba baba akifa, watoto ni wa ukoo.

Kwa hiyo zinahitajika karatasi za aina mbili. Ya kwanza ni ya marehemu: cheti cha kifo kilichotolewa na RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo, wala si kibali cha mazishi wala karatasi ya hospitali, ili ofisa asikuulize saini ya baba iko wapi. Ya pili ni ya mama: hati ya kiapo au barua ya ridhaa, ikiwataja watoto wote wawili kwa majina na namba za pasipoti, ikikutaja wewe kuwa baba mzazi wa baba yao marehemu, na ikieleza tarehe, nyumba ya Durban na simu ya baba yao mdogo. Angalia pia kwamba unavyo vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Familia nyingi huhifadhi tangazo la kizazi walilopewa hospitali wakidhani ndicho cheti, na hugundua kosa siku ya kuombea pasipoti. Kila mtoto awe na pasipoti yake, na katika hatua hiyo pia Uhamiaji watataka kuona ridhaa ya mama. Ni heri hati iandaliwe sasa ili itumike huko kwanza.

Raia wa Tanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na wengi hudhani kwamba pasipo viza hapana masharti. Nchi hiyo ilianza mwezi Juni 2015 kudai vyeti vya kuzaliwa na ridhaa za wazazi kwa watoto wanaovuka mipaka yake, kwa lengo la kuzuia usafirishaji haramu wa watoto. Mwishoni mwa mwaka 2019 masharti yalilegezwa, hasa kwa watoto wa kigeni wanaofuatana na wazazi wao. Wewe si mzazi, Mzee, kwa hiyo safiri kana kwamba hayakulegezwa: cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, cheti cha kifo, ridhaa ya mama, nakala ya pasipoti yake na simu yake ya Oman yenye tarakimu za nchi. Beba nakala halisi kwenye mkoba wa mkononi, usizitie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Kuhusu WhatsApp, picha inafaa kwa kusoma rasimu na kusahihisha majina, jambo ambalo nakuomba ulifanye kabla mama hajatia saini, maana herufi moja tofauti na ya pasipoti hurudisha kazi nyuma. Lakini atakayekagua atataka karatasi yenye wino na muhuri. Mkwe wako aende ubalozi wa Tanzania uliopo Muscat, na pasipoti yake, nakala za vyeti vya watoto na rasimu mliyokubaliana, aape na kutia saini hapo. Nashauri ubalozini kuliko kwa mthibitishaji wa Oman, kwa sababu hati ya huko hutolewa kwa Kiarabu, nayo itadai tafsiri na mihuri ya ziada kabla haijasomeka Dar es Salaam na Durban. Kisha aitume kwa kampuni ya vifurushi au kwa mtu anayerudi nyumbani, nawe utoe nakala mbili mara tu itakapokufikia.

Ikiwa mkwe wako ni mfanyakazi wa ndani, kumbuka kwamba mfanyakazi wa namna hiyo huko mara nyingi hapati siku ya kutoka isipokuwa kwa kumwomba mwajiri, na pasipoti yake huenda haiko mikononi mwake. Muulize kwa upole mambo hayo mawili wiki hii, si Novemba, na umwachie yeye achague siku.